Mashine ya Kuchania Magugu

Ngonga hakuna mmea unaobembelezwa. Chomeka kijiti cha uzio, mvua inyeshe, na baada ya muda si mrefu kijiti kina majani na ng'ombe uliyemzuia kwa uzio huo anaula uzio wenyewe. Ukanda huu wa Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mpunga wake una jina hadi Dar es Salaam, ambako kila gunia la mchele hudai limezaliwa Kyela, hata lile ambalo halijawahi kupita Makambako. Kakao inastawi, migomba inastawi, lakini hakuna kinachostawi kwa jeuri kama magugu.

Baba mdogo ana malisho yake kwenye kimwinuko kidogo kando ya majaruba. Ng'ombe wake wanakula kwa kuchagua: nyasi laini wanazikwangua hadi udongoni, magugu wanayazunguka. Matokeo yake ni kwamba kila anachokipenda ng'ombe huliwa kabla hakijatoa mbegu, na kila anachokichukia hubaki, hukomaa, humwaga mbegu na kurithi shamba. Mabwana mifugo hawachoki kusema magugu yafyekwe kabla ya kutoa maua. Pale kwa baba mdogo warithi walikuwa wengi: yale magugu ya mashina magumu ambayo kina mama huyafunga kuwa fagio la uwanja, ndago, ambayo hata ukiikata shingo uhai wake uko kwenye vinundu chini ya ardhi, na kifauongo, ambacho kikiguswa hukunja majani, hungoja hatari ipite, kisha huendelea na maisha.

Vijana wenye makwanja walitaja bei ya kufyeka. Baba mdogo aliichukulia kama tusi. Huyu ni mtu aliyezipita zile zama za Kilimo Kwanza, tangu 2009, pawatila zikigawiwa na kukopeshwa kila upande, bila yeye kukopa hata boliti. Dizeli ya trekta lake kuukuu huipima kwa fimbo yenye alama, na fimbo hiyo hulala nayo chumbani. Basi, ili kubana matumizi, akanunua mashine ya kufyekea ya kufungwa nyuma ya trekta, mkono wa tatu au wa nne, kutoka Mbarali.

Siku ya uzinduzi watu walikuwa wengi kuliko wanaohudhuria mkutano wa kijiji. Trekta lilinguruma, mashine ikashushwa, vumbi na panzi vikaruka. Lilipopita tukasogea kutazama. Mashine haikuwa imekata kitu. Ilikuwa imechana, kama mama anayemwandaa mtoto wa shule Jumatatu asubuhi: magugu yote yamelazwa upande mmoja, yamenyooka, na mengine yameanza kuinuka kabla dereva hajageuza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu hatazami ubovu wa mashine. Anatazama kazi yake mwenyewe.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa fundi baiskeli. "Mnyororo umelegea," alisema kabla hajafika karibu. Akaambiwa mashine hii haina mnyororo. Akaizunguka, akatikisa kichwa. "Basi shida yenyewe ndiyo hiyo." Hakuna aliyeweza kumjibu.

Akafuata mzee mmoja aliyelima kwa maksai maisha yake yote. Yeye hakuitazama mashine kabisa, alilitazama trekta. "Mnamkimbiza huyu," alisema. "Maksai ukimkimbiza, jembe linapanda juu." Na alikuwa na lake: trekta likienda mbio, visu vinaletewa majani mengi kuliko vinavyoweza kumaliza. Dereva akateremsha gia, trekta likatambaa. Sasa magugu yakachanwa taratibu, kwa unadhifu zaidi.

Mvuvi kutoka Matema, aliyekuwa amefuata deni lake la samaki, alisikiliza mlio akakunja uso. "Hapo pamenasa kitu. Nyavu ikijizungusha kwenye panga la injini ya boti, mlio ndio huohuo." Akaamuru injini izimwe, ufunguo utolewe, na magogo yawekwe chini ya mashine kabla mtu yeyote hajaingiza kichwa, kwa kuwa chuma kilichoinuliwa kwa haidroliki hakina urafiki na shingo ya mtu. Akalala chali, akaingiza mkono. Alitoa msuko wa nyuzi za yale magugu ya fagio, kamba ya nailoni, na kitu ambacho zamani kilikuwa soksi. Tukashangilia. Injini ilipowashwa mlio ulikuwa mtamu kweli. Magugu yakachanwa kwa mlio mtamu.

Wakati huo wote kazi yangu ilikuwa kushika spana ambayo hakuna aliyeihitaji, na kumulika kwa simu mahali ambapo jua lilikuwa linawaka.

Aliyefuata hakuja kutengeneza chochote. Alikuwa mama anayeongoza mapishi kwenye misiba ya pale mtaani, anapita zake na kisu na sinia la ndizi mbichi. Mashine ilikuwa imerudishwa juu ya magogo, wanaume wamechuchumaa wakibishana kuhusu grisi. Mama akainama kidogo, akachungulia.

"Hivi visu nani amevifunga?"

Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amevinoa siku chache kabla, akageuka kuitazama Milima ya Livingstone.

"Makali yako nyuma," mama akasema. "Mnakata kwa mgongo wa kisu." Akaendelea na safari yake.

Ukimya uliofuata ulikuwa mzito. Giaboksi ndiyo inayoamua visu vizunguke upande gani, na makali lazima yatangulie upande huo. Hilo hata mtoto anayemenya muhogo analijua. Baba mdogo ndiye aliyevunja ukimya. "Mashine za zamani," alisema, "zilikuwa na mtindo wao." Boliti zikafunguliwa, visu vikageuzwa, na kwa mara ya kwanza spana yangu ikapata heshima.

Tulipojaribu tena, nyasi laini zilikatika. Wale warithi wenye mashina magumu walipiga magoti, wakasimama, wakajikung'uta vumbi.

Ndipo akaitwa mwalimu mstaafu wa fizikia. Alifika na kalamu mfukoni, akachora duara kwenye vumbi. Shafti ile ya nyuma ya trekta, PTO, imewekewa kipimo tangu miaka ya 1920 huko Marekani: izunguke takriban mara 540 kwa dakika. Mashine nyingi za kufyekea mpaka leo zimeundwa kwa kuitegemea kasi hiyo. Visu vyenyewe havikazwi, vinaning'inia kwenye boliti zake ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kuvunjika. Kinachovinyoosha vikawa vigumu ni mzunguko tu. Mzunguko ukipungua, shina gumu linakisukuma kisu, kisu kinakunjika na kupita, shina linabaki pale pale. "Dawa yake," alisema, "ni gia ndogo, mafuta mengi. Trekta litambae, injini ipige kelele." Kisha akamuuliza dereva injini inazunguka mara ngapi. Sote tukatazama dashibodi. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Umekuwa kwenye sifuri tangu trekta lifike Ngonga.

Baba mdogo alimshukuru kwa heshima zote, "Ndaga fijo, mwalimu," akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akatutangazia kwamba magugu ya Marekani ni laini. Kisha akamsogelea dereva, akamwonyesha kwa kidole alama aliyoikwaruza kwa msumari kando ya mkono wa mafuta. Nilikuwa nimeiona alama ile mapema nikadhani ni kutu. Ulikuwa mpaka. Mkono wa mafuta haukuruhusiwa kuuvuka, liwe jua, iwe mvua, kwa sababu baada ya hapo fimbo ya chumbani ilikuwa ikitoa habari mbaya.

Mashine ikaegeshwa chini ya mwembe, kuku wakahamia.

Ingekuwa huko mpaka leo kama jirani mmoja mwenye kakao asingetaka kusafisha kiwanja cha sherehe ya binti yake. Alikuja na dumu lake la dizeli mkononi, akamimina mwenyewe kwenye tangi. Baba mdogo alikuwa mjini Kyela. Dereva akapanda, akaitazama alama ya msumari, akalitazama dumu tupu, akausukuma mkono wa mafuta hadi mwisho wake.

Sijawahi kusikia sauti ile. Kuku walisikika wakilia hadi kwa mtendaji. Mashina ya fagio yalikuwa yanapasuka, vipande vinaruka, na nyuma ya trekta kukabaki uwanja ambao mtu angeweza kuutandikia mkeka. Kifauongo nacho, kwa mara ya kwanza, hakikuwa kinaigiza.

Kufikia jioni kila mtaalamu alikuwa amepata ushindi wake. Mzee wa maksai alisema si mnaona, linatambaa. Mvuvi alikumbushia soksi, na deni la samaki. Fundi wa kuchomelea alisema visu alivinoa yeye. Fundi baiskeli alisisitiza kwamba wangeweka mnyororo, ingekata zaidi. Mwalimu hakusema neno, alitabasamu tu, jambo lililowaudhi wote. Mama wa mapishi hakuwepo. Alikuwa na kazi.

Baba mdogo aliporudi alikizunguka kiwanja kile kimya kimya. Alishika vishina, akavinusa, akaliinua lile dumu la jirani na kulitazama chini, kana kwamba kuna maandishi. Kisha akafanya hesabu zake.

Siku hizi mashine ile inakodishwa Ngonga nzima na vijiji vya jirani. Masharti ni mawili: mteja analeta dizeli yake, na mashine haiondoki pale nyumbani bila kufanyiwa majaribio. Majaribio yanafanyika kwenye malisho ya baba mdogo, gia ndogo, mafuta mengi, hasa kipindi ambacho magugu yanakaribia kutoa maua. Ng'ombe wamenenepa. Alama ya msumari imebaki, ila haina kazi.

Juzi mteja mmoja kutoka upande wa Ipinda aliona dizeli yake ikizunguka malisho yale mpaka kwenye uzio wa mwisho, akauliza kwa upole kama majaribio lazima yafike kote huko.

"Mzee wangu," baba mdogo akamjibu, "na kona nazo tunazipima."