Ada, Chai na Uhaba wa Sauti ya Tatu: Taarifa kwa Walio Nyumbani Kuhusu Kwaya za Uingereza

Kwaya ya ridhaa ya Uingereza, yaani kundi la wanaume na wanawake wanaoimba pamoja bila kulipwa na bila kuufanya muziki kuwa kazi yao, ni taasisi ambayo ndugu walioko nyumbani Tanzania huielewa vibaya, kwa sababu wakisikia neno kwaya hufikiria usharika, sare mpya, mwalimu anayefoka na safari ya basi dogo kwenda kurekodi video bustanini. Kwaya inayozungumziwa hapa hukodi ukumbi wa kanisa na huimba habari za Yesu kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya kawaida, lakini aghalabu si mali ya kanisa lolote, na miongoni mwa wanachama wake wamo ambao mguu wao haukanyagi kanisani ila siku ya mazoezi. Kwanza kabisa ni chama, chenye katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtunza maktaba na mkutano mkuu wa mwaka, na muziki ni mojawapo ya ajenda zake.

Katika chama hicho mwimbaji ndiye anayelipa na mwalimu ndiye anayelipwa. Ada ya uanachama hugharimia ukumbi, mpiga piano, waimbaji wa pekee wanaokodiwa kwa ajili ya onyesho, na okestra ndogo ikiwa mwaka ulikuwa mzuri. Kisha mwanachama huyohuyo aliyekwisha kulipa hukabidhiwa tiketi akawauzie majirani, na usiku wa onyesho hununua bahati nasibu ili ashinde chupa ya divai aliyoichangia mwenyewe wiki iliyopita. Mtanzania anayeeleza kwamba kwao mwalimu wa kwaya hujitolea, na kwamba akibahatika hupewa nauli na soda, hutazamwa na mweka hazina kwa macho ya mtu ambaye kichwani ameshaanza kupiga hesabu.

Tabia hii ya kutanguliza kanuni ina historia ndefu. Chama cha Kwaya cha Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, kilianzishwa mwaka 1836, na kanuni zake za awali zilipanga mikutano ya kila mwezi ifanyike Ijumaa ya mwezi mpevu au ile inayoutangulia, ili wanachama warudi kwao kwa mbalamwezi, na zilimhakikishia kila mwanachama kiasi maalumu cha bia pamoja na mkate na jibini. Kanuni za mwaka 1842 ziliongeza kwamba mtu anayehudhuria mikutano ya wasoshalisti hawezi kuwa mwanachama, na kwamba mtunza maktaba asithubutu kumwazima msoshalisti kitabu cha muziki cha chama, akijua kuwa ni msoshalisti, la sivyo atafukuzwa. Kanuni hiyo ingetumika Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati kwaya za shule, vijiji na viwanda zilipokuwa zikiimba kuusifu Ujamaa asubuhi na jioni, nchi isingebaki na mwimbaji hata mmoja, na vitabu vyote vingerudi kabatini.

Mazoezi yenyewe hufanyika jioni moja kwa wiki na huanza saa moja na nusu kamili, na ukamilifu huo si lugha ya heshima: anayefika dakika tano baadaye hukuta watu wazima wameshasimama, wanatikisa mabega na kupuliza midomo kwa mlio wa farasi, zoezi linaloitwa kupasha sauti. Kila mtu ana penseli, maana mwalimu akisema pumzi ivutwe mahali fulani, mahali hapo hutiwa alama kitabuni. Katikati ya jioni kuna chai na biskuti, ambazo hutayarishwa kwa zamu iliyobandikwa ukutani, na mhamiaji mwenye busara hujifunza zamu hiyo kabla ya kujifunza wimbo, kwani mtu husamehewa nota mbovu lakini hasamehewi kuisahau birika. Kuhusu viti yatosha kusema kwamba havina majina, na kwamba hata hivyo kila kimoja kina mwenyewe.

Uhaba wa sauti ya tatu ndio unaoyatawala maisha ya chama kizima. Kwaya ya mchanganyiko, kama wajuavyo wanakwaya wa nyumbani, hugawanywa katika sauti nne: ya kwanza na ya pili za wanawake, yaani soprano na alto, kisha ya tatu na ya nne za wanaume, yaani tenori na besi. Wanaume wengi sauti zao hutua katikati, mahali pasipokuwa pa tenori wala pa besi, na wakiachiwa wachague hukimbilia chini, kwa sababu huko kosa halisikiki sana. Kwa hiyo sauti ya tatu, inayohitaji mwanamume apande juu mbele za watu akiwa na akili zake timamu, hubaki na watu wachache, wengi wao wakiwa na umri mkubwa na magoti mabovu. Jaribio la sauti, ambalo mwanamke wa sauti ya kwanza hulipitia kwa jasho na baadaye kuandikwa katika orodha ya kusubiri, kwa mwanamume wa sauti ya tatu huwa ni swali moja tu, nalo ni kama jioni ya mazoezi ana nafasi. Akichelewa, husemwa kuwa barabara zilikuwa mbaya. Akikosea, mwalimu husimamisha wimbo, huwatazama sauti ya pili kwa uchungu, na kuomba watu wote warudie. Wanawake wenye sauti nzito huombwa wahamie upande huo ili kuziba pengo, na wapo wanaoimba tenori kwa miaka mingi na kwa uhakika kuliko wanaume waliosimama kando yao, ingawa kwenye programu iliyochapishwa orodha bado husomeka kana kwamba jambo hilo ni la muda.

Katika mazingira hayo huingia kijana wa Kitanzania ambaye usharikani kwake alikuwa mmoja wa vijana kadhaa waliogombea maikrofoni moja, na ambaye alihama bila mtu yeyote kuliona pengo lake. Hapa hupewa kiti cha mbele, huazimwa kitabu bila amana, hurudishwa nyumbani kwa gari la mwenyekiti mwenyewe, na njiani huulizwa kama ana ndugu wa kiume, kama nao huimba, na hali ya viza zao ikoje.

Anachotakiwa kukiacha ni mwili wake. Kwaya hii husimama, haichezi. Mikono hushika jalada jeusi, miguu hubaki pale ilipowekwa, na anayeyumba kidogo kwa kuguswa na wimbo huulizwa wakati wa chai kama anajisikia vizuri. Hadhira nayo hukaa kimya, haipigi vigelegele, na hakuna shangazi anayeinuka na noti kuja kumtunza mwimbaji. Upo mwanya mmoja tu katika utulivu huo, nao ni Haleluya ya Handel, iliyomo katika Messiah, oratorio, yaani masimulizi matakatifu yanayoimbwa na kwaya, waimbaji wa pekee na okestra bila maigizo. Handel aliitunga katika muda wa wiki tatu hivi mwaka 1741, na ilipoimbwa Dublin Aprili 1742, kwa manufaa ya hospitali na wafungwa wa madeni, wanawake waliombwa wasivae magauni yenye pete za kutanua na wanaume wasije na panga, ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Haleluya inapoanza watu husimama, na wengi husema kwamba Mfalme George wa Pili ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, ingawa hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba alikuwapo. Mtanzania aliyezoea Haleluya hiyohiyo kwa Kiswahili wakati wa Pasaka huona watu wamesimama na hudhani kwamba sasa ndipo mambo yanapoanza, kumbe wanasubiri wakae.

Jambo ambalo wanachama wengi wamelisahau ni kwamba Waingereza waliwahi kusoma muziki kwa herufi. Mfumo wa solfa, ambao kwao sauti huandikwa d, r, m, f, s, l, t, na doh huhama kufuatana na ufunguo wa wimbo, ulitengenezwa na Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich. Kisha John Curwen, mchungaji aliyeombwa mwaka 1841 na walimu wa shule za Jumapili awatafutie njia rahisi ya kufundisha uimbaji, aliurekebisha na kuueneza kwa wafanyakazi wasiokuwa na fedha za kununulia ala. Wamisionari waliuleta Afrika, na Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake sasa ni ya Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Kwaya za Tanzania bado huutumia. Waingereza wenyewe wamehamia mistari mitano yenye vichwa vyeusi, ambayo wengi wao huisoma kwa kukisia: nota ikipanda, nao hupanda, kwa kadiri watakavyojaliwa.

Kwa hiyo mgeni anayeuliza doh iko wapi huambiwa kwa upole kwamba hiyo ni njia ya watoto. Naye hujibu kwa penseli, akiandika herufi ndogondogo chini ya mstari wake, na haichukui muda mrefu kabla wazee wa sauti ya nne walio nyuma yake hawajaanza kunyoosha shingo, wakachungulia, na kufika kwenye nota pamoja naye. Onyesho likiisha, mtunza maktaba huzifuta herufi hizo zote kwa kifutio, kwa kuwa kitabu ni cha kukodi.

Ndipo linapokuja ombi ambalo barua hii imetumwa kulifikisha. Usharika ukiwa bado una ile Haleluya ya solfa iliyopigwa chapa kwa taipureta, inaombwa nakala moja, ikibidi hata iliyochanika pembe, itumwe kabla ya mazoezi ya Krismasi kuanza. Wazee wa sauti ya nne wameahidi kulipia posta, ila mweka hazina asijue.