Mteja Msumbufu wa Mlimani: Uainishaji kwa Mwinuko

Wataalamu wa mimea waliugawa Mlima Kenya kwa kanda: mashamba, msitu, mianzi, nyika ya lobelia, kisha mawe na barafu. Utafiti huu, uliofanyiwa nyuma ya kaunta ya ofisi ya hesabu mjini Nyeri, unadai kuwa mteja msumbufu naye ana ukanda wake, na kwamba hatambuliwi kwa ukali wa sauti bali kwa siku anayotarajia pesa.

Ukanda wa kahawa, kutoka Karatina hadi Kerugoya na Embu, humzaa Mteja Subira. Kahawa ya msimu mkuu huvunwa Oktoba hadi Desemba, ikapita kiwandani, kinuni na mnadani Nairobi, na mkulima akaja kulipwa mwaka mwingine. Haoni kwa nini wewe umtangulie. Ni muungwana sana, na hapo ndipo penye hatari: huja na parachichi. Ukishazila, kumdai ni utovu wa adabu, na utafiti haujagundua njia ya kurudisha parachichi.

Juu yake, kwenye chai, yuko Mteja Bonasi. Kila mwezi KTDA, shirika la chai, humpa kidogo, kisha Oktoba bonasi. Septemba huagiza kila kitu. Novemba simu haipatikani. Ankara yake ifike kabla ya lori la wauza sofa.

Nanyuki, penye ikweta, napita mbio. Mteja wa hoteli huandika barua pepe tamu, husema siku 30, humaanisha 90.

Kileleni, mita 5,199, hakuoti kitu. Hapo nimeiweka serikali ya kaunti. Kazi yake ikubali, hati ya agizo (LPO) iwe mkononi, na uwe na wateja wengine wa kukulisha hadi Hazina Kuu ikumbuke kutoa fedha.

Imebaki spishi isiyojali mwinuko: Mteja wa Nyumbani. Huonekana jioni ya 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani za ushuru za KRA, akiwa amesahau nywila. "Si ni dakika mbili tu? Na wewe ni mtoto wetu." Faini ya kuchelewa, shilingi 2,000, angeilipa bila neno. Ada yako ya mia tano ndiyo anayoijadili, tena kwa kumtaja mama yako. Bei iliyobandikwa ukutani huisoma yote, polepole, kisha akasema hiyo ni ya wageni.

Jaribio la pekee lililoleta matumaini lilikuwa kumweka kaunta msichana kutoka Meru, asiyehusiana na yeyote wa huku. Pesa zilianza kuingia kabla ya kazi kuanza. Wiki ya pili, mteja mmoja alimuuliza kwao ni wapi hasa, na ikabainika kwamba shangazi ya mteja ameolewa Nkubu, huko huko Meru.