Majani ya Mkuyu

Ng'ambo ya mto ambao jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe wangali hai na masikio yao ni marefu, paliota mkuyu mkubwa wenye sifa iliyovuka mabonde saba. Sifa hiyo haikutokana na matunda yake, maana makuyu huliwa kila mahali, bali ilitokana na ndege mnana waliokuwa wakifundisha ufumaji kwenye matawi yaliyoinamia maji. Kinda aliletwa pale akiwa hajui hata kushika unyasi, na baada ya misimu kadhaa akaondoka akiweza jambo linalomshinda binadamu mwenye vidole kumi: kupiga fundo la kwanza kwenye ncha ya kitawi, kuuzungusha ukindu hadi ukawa pete, kisha kusimama katikati ya pete hiyo na kujifumia ukuta pande zote, mpaka kiota kikaning'inia kama kibuyu, mlango wake ukitazama chini. Na mnana, kama ajuavyo kila aliyewahi kupumzika chini ya mti wao, hawana upendeleo katika mtihani. Jike akikikagua kiota akakiona kimelegea, dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza upya, bila kamati wala rufaa.

Ujira wa mwalimu ulikuwa pishi moja ya mtama kila mwezi mwandamo, yaani vibaba vinne vya tele, si vya mfuto. Haukuwa utajiri, lakini ulikuja mwezi ulipoandama.

Ikatokea kiti cha mkuu wa mti kikawa wazi, na baada ya vikao vingi vya usiku vilivyoshuhudiwa na popo peke yao, akateuliwa Bibi Hondohondo. Nani angempinga? Alikuwa na mdomo mkubwa, na juu ya mdomo huo kofia ya pembe iliyofanya hata salamu yake isikike kama hotuba. Siku ya kusimikwa aliahidi kwamba mlango wake ungekuwa wazi kwa mkubwa na mdogo. Siku ya pili, kwa desturi ya majike wa ukoo wake, akaingia kwenye tundu la shina, akafinyanga udongo, akauziba mlango kutoka ndani, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Wanaozijua tabia za hondohondo hawakushangaa sana. Ila hondohondo wa msituni hujifungia kwa ajili ya mayai, na huyu, kwa miaka yote aliyokaa mle ndani, hakuna aliyewahi kusikia kifaranga kikilia.

Kwenye ufa ule yaliingia makuyu yaliyoiva, zikatoka habari. Mpokeaji wa habari alikuwa Kasuku, mwenye mkia mwekundu na cheo cha Msemaji. Sasa, ndege hawana karatasi. Waraka wao huandikwa juu ya jani, na jani lililokuwa karibu kuliko yote lilikuwa la mkuyu wenyewe. Basi kila Jumatatu alfajiri Kasuku alichuma jani, akalitoboatoboa kwa mdomo, akalibandika shinani kwa utomvu, kisha akapanda tawi la juu na kulisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa wasiojua kusoma, na mara ya pili kwa waliojifanya hawajasikia.

Jani la kwanza lilisema: "Uongozi wa Mkuyu unapenda kuwafahamisha walimu na watumishi wote kwamba Mheshimiwa Mkuu amepokea ugeni wa Mheshimiwa Mbuni, na wamebadilishana mawazo kuhusu mustakabali wa kuruka." La pili likawapa habari kwamba Korongo ameteuliwa kuwa Kaimu Mtunza Ghala. La tatu likampongeza Korongo kwa kuteuliwa. La nne likawashukuru wote waliompongeza Korongo. Kisha yakaja majani ya katikati ya wiki: Jumatano moja lilitoka jani la kusahihisha jani la Jumatatu, kwamba palipoandikwa "tulivu" pasomeke "utulivu", na Alhamisi likatoka jani la kuwakumbusha wote kwamba kusoma majani ni sehemu ya kazi, na asiyesoma asije akasema hakujua. Mnana walisikiliza huku wakifuma. Kila jani lilipopandishwa shinani, shingo zao zilinyooka kidogo, kwa kuwa huenda hili ndilo lingetaja mtama. Lilipomalizika bila kuutaja, shingo zikarudi chini.

Maana mtama ulikuwa umeanza kuwa na mambo.

Mwisho wa mwezi mmoja Mzee Mnana, mkongwe wa wafumaji, alishuka ghalani na mfuko wake. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama kawaida yake, mwingine ameuficha ndani ya manyoya, na katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa ameshika nini kwa mguu ule wa ndani.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Korongo kwa adabu kubwa, akachota kibaba kimoja, akakifuta kwa unyoya ili kisizidi, akamkabidhi pamoja na jani. Jani lilikuwa zuri, limetobolewa kwa mistari iliyonyooka. Robo kibaba, mfuko wa mazishi. Robo kibaba, ukarabati wa ufa wa Mheshimiwa Mkuu. Nusu kibaba, mchango wa hiari wa sherehe ya kumpongeza Kaimu Mtunza Ghala, nao hukatwa moja kwa moja. Vibaba viwili vilivyobaki, malimbikizo, yatalipwa mara tu hali ya ghala itakaporuhusu.

"Na yale ya mwezi uliopita, baba?"

"Andika, mzee wangu. Ukiandika, tutaona."

Kama mnana walipunjwa, mbayuwayu walikuwa hawaulizi kabisa. Hao walikuwa walimu wa msimu: hufika na vuli, hufundisha makinda namna ya kugeuka hewani bila kupoteza kasi, na masika yakipamba moto huwa wamekwisha kurudi kaskazini. Ghala lilijua kalenda yao kuliko wao wenyewe, na jani la kuwaita waje kuchukua ujira wao lilibandikwa kila mwaka, bila kukosa, siku tatu baada ya wao kuvuka bahari.

Mzee Mnana aliandika. Jani la majibu lilikuja na namba, likimjulisha kwamba barua yake imepokelewa kwa uzito unaostahili, na kwamba imeundwa kamati ya wajumbe tisa. Kamati ilikutana mara nne kuandika hadidu za rejea, ikaona kazi ni kubwa, ikazaa kamati ndogo. Kila kikao kilikuwa na posho ya makuyu na kila mjumbe alipewa majani ya kuandikia. Nasimulia haya haraka, kwa sababu kamati yenyewe haikuwa na haraka, na mmoja wetu lazima afike.

Bibi Hondohondo, aliyekuwa akiuona ulimwengu kwa upana wa ufa, akapata wazo kwamba tatizo la mti lilikuwa ni kukosa dira. Wakaalikwa washauri kutoka ng'ambo, nao walikuwa kunguru. Yeyote anayejua habari za Unguja atakumbuka kunguru walioletwa pale miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakazimaliza taka, na walipozimaliza wakageukia mayai na vifaranga vya ndege wenyeji. Hawa wa mkuyu walikuwa wa ukoo huohuo. Walikaa miezi sita, wakawahoji mnana jinsi wanavyofuma, wakaandika walichoambiwa katika majani 300, wakayaita Mpango Mkakati, wakalipwa kwa mtama. Walipendekeza mti usiitwe tena mkuyu, jina la kishamba, uitwe Mwavuli wa Umahiri. Walipendekeza pia kwamba kila mwalimu adonoe alama shinani asubuhi akifika na jioni akiondoka, ili uhudhuriaji ujulikane, na Kigogota akawekwa kusimamia. Walipoondoka, viota vitatu vilikutwa na maganda ya mayai tu. Jani la Jumatatu liliwatakia safari njema.

Ukawa mwaka wa majani. Jani la jina jipya, jani la wimbo wa jina jipya, jani la kuonya kwamba atakayetumia jina la zamani atachukuliwa hatua. Kigogota alitia bidii hata gome likaanza kutoka utomvu kwenye alama za uhudhuriaji, na utomvu ule Kasuku akaushukuru, kwa kuwa ulimrahisishia kubandika. Hakuna aliyeketi akahesabu. Ila alasiri moja Mzee Mnana alikuwa akimsahihisha kinda fundo lake, akahisi mgongo unaungua, akatazama juu, akaona mbingu. Alilizoea tawi lile kwa miaka mingi na hakuwahi kuona mbingu akiwa pale.

Joto likaingia viotani, mayai yakaanza kuharibika. Mnana wakatuma ujumbe ufani. Majibu hayakukawia safari hii, yalitoka kesho yake, kwenye jani bichi: "Uongozi unayo furaha kuwajulisha kuzinduliwa kwa Mradi wa Mwanga, ambao umewezesha jua kuwafikia walimu na wanafunzi wote bila ubaguzi."

Wafumaji walianza kuondoka. Wa kwanza aliomba likizo, wa pili aliaga msibani, wa tatu hakuaga. Ng'ambo ya pili ya mto palikuwa na mnazi mmoja, hauna jina wala dira, lakini ulikuwa na makuti. Kasuku alitangaza kwamba Mwavuli wa Umahiri umepanua ushirikiano wake hadi ng'ambo ya mto. Walipobaki Kasuku, Korongo na Kigogota, likatoka jani la kusifu uhudhuriaji, kwamba umefikia ukamilifu, kwa kuwa wote waliopo wapo. Lilichumwa kwenye ncha ya tawi la juu kabisa, na Kasuku alilazimika kunyoosha shingo kulifikia, maana halikuwa na jirani.

Kisha ukaja upepo wa kusi, ukayabandua majani shinani, yale makavu ya miaka yote, yakaruka juu ya maji kwa mamia. Mengi yalizama. Mengine yalinasa kwenye makuti ya mnazi, na mnana, wasiotupa kitu, wakayakusanya. Ni desturi yao, wakishamaliza paa la kiota, kutandika chini yake dari la majani mapana ili mvua isipenye. Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha usiku kucha, na hakuna kiota kilichovuja.

Asubuhi yake kinda mmoja, mjukuu wa Mzee Mnana, alikuwa amelala chali akijifunza kusoma darini. Alipita juu ya "unapenda kuwafahamisha", akapita juu ya "kwa uzito unaostahili", akafika kwenye jani lenye mistari iliyonyooka, ambalo nusu yake ilikuwa imekunjwa chini ya fundo.

"Babu," aliita, "hapa pameandikwa yatalipwa mara tu. Mara tu nini?"

Mzee Mnana alikuwa mlangoni, kichwa chini miguu juu, na ukindu mrefu mdomoni.