Bwawa la Sultani na Mgeni wa Simu

Mgeni wa mjini akishuka kwenye boti Kilwa Kisiwani, swali lake la kwanza ni mtandao unashika wapi. La pili ni soda baridi. Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa karne ya 14, hana swali wala jibu.

Haya, twende bwawani. Bwawa la pembe nane, mawe ya matumbawe, jumba lenyewe juu ya jabali linalotazama bahari. Anayetutembeza anaeleza kuwa msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Mgeni anaitikia "ehee" huku akirekebisha miwani ya jua; msafiri asiye na akaunti ana habari gani ya maana? Kisha anashangaa: "Yaani bwawa lote hili, hawajalitia maji?"

Msikiti Mkuu, wenye makuba yaliyostahimili karne kadhaa, unapewa nafasi moja tu: kuwa nyuma ya kichwa chake pichani. Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505, linasifiwa kwa kivuli.

Magofu haya yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mafundi wakahangaika na kuta zake hadi yakaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Mmomonyoko umeshughulikiwa. Umebaki wewe, bwana mkubwa: teremka ukutani.