Mwezi Kumi na Nne

Safari ile niliipanga kwa kutazama tarehe ya mshahara. Mshahara uliingia Jumatano, Ijumaa tukawa baharini: mimi, mke wangu, watoto wawili na darubini ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba Pemba, kwa bibi yao, hakuna taa za Dar es Salaam za kuharibu anga. Tutahesabu nyota mpaka tuchoke, kisha tutafute wanyama wa usiku. Habari za meli na upepo wa kusi tuziache, waliotapika wanajijua.

Dalili zilikuwepo. Ufukweni tulikuta mashua za dagaa zimepandishwa mchangani na wavuvi wanacheza bao. Nikawasifu moyoni kwa kujua kupumzika. Mama mkwe akatupa madafu, yeye hakunywa. "Nimefunga, mwanangu. Siku nyeupe hizi." Nikamwambia Mungu akutakabalie, nikaenda zangu kufunga miguu mitatu ya darubini.

Mtu aliyekaa madrasa hata kidogo anajua siku nyeupe ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na huitwa nyeupe kwa sababu usiku wake hauna giza. Mimi nilikaa madrasa miaka sita.

Magharibi ikaadhiniwa, bibi akafuturu kwa tende na shelisheli la nazi, tukashuka ufukweni na mkeka. Nyuma yetu, juu ya minazi, mwezi ulikuwa umeshachomoza, mpana kama sinia la pilau. Uliangaza mchanga, ukaangaza kipara changu, ukafuta anga zima. Zilibaki nyota chache, zimepauka kama kanga iliyofuliwa sana.

Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, akakaa kando yangu. "Shemeji, ndiyo umekuja kutazama nyota mwezi kumi na nne?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani ndiyo kazi ya hilo dude, kupita mwezi."

Ndipo akanieleza na ya dagaa: huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawana habari na taa yako. Wavuvi hukaa nyumbani wakacheza bao.

Baba hashindwi mbele ya wanawe. Nikageuza darubini kaskazini, niwaonyeshe nyota ya Jaa. Shemeji akakohoa. Jaa, akasema, ukiwa Pemba huioni. Sisi tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Manahodha waliokwenda Arabuni waliikuta mbele ya safari. Nikahama. Juu ya kilima nikaona nyota moja nyekundu, imara, haijali mwezi wala nini. "Mirihi!" nikasema kwa sauti ya mwalimu.

Binti yangu wa miaka saba akachungulia. "Baba, mbona inakonyeza?"

Nikampa somo refu kuhusu hewa inavyotikisa mwanga. Shemeji ana adabu, aliningoja nimalize. "Hiyo Mirihi ni mnara wa simu. Mafundi waliousimamisha walikuwa wakila hapa kwa mama."

Aliyefaidi darubini usiku ule ni mama mkwe. Aliuelekea mwezi wenyewe, akatazama kitambo, akasema kwa huruma ya kweli: "Masikini! Kumbe aliugua ndui."

Tulilala palepale mchangani, kwa shauri langu. Mwezi mpevu huja na bamvua, maana mwezi na jua huvuta bahari kwa pamoja, na pande zile maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi alfajiri. Hili nalijua kwa miguu. Nilihisi baridi ya nyayo nikadhani mtoto amenivuta shuka. Shuka lilikuwa linaelea. Tuliokoa watoto, mkeka, kisha darubini. Mke wangu anasema utaratibu haukuwa huo. Ndala yangu ya kushoto ilichukuliwa, na kwa kusi ile nadhani iko Mombasa.

Ndiyo maana Jumamosi nilifika Kidike na ndala za waridi za mama mkwe. Kidike ndiko wanakolala mchana popo wa Pemba, popo ambaye hapatikani kokote duniani ila kisiwani humo: manyoya ya rangi ya kutu, sura ya mbweha, mabawa yakikunjuliwa yanafika mita 1.6. Kwa hiyo wanyama wa usiku tuliowaona vizuri tuliwaona saa sita mchana. Mwenyeji wetu alitupa onyo moja tu: popo akining'inia kichwa chini, mtazame, akijigeuza kichwa juu, kimbia, maana hivyo ndivyo anavyojisaidia. Nilikuwa nawaeleza watoto kwamba popo huyu hategemei mwangwi, hutafuta matunda kwa macho na pua. Watoto wakaanza kurudi nyuma taratibu. Nikadhani somo limewachosha.

Komba tulimsikia tu usiku wa pili, akilia kama mtoto mchanga juu ya mnazi. Sikutoka nje.

Wiki iliyofuata, shuleni, watoto waliambiwa wachore sayari. Binti yangu alichora Mirihi. Ina ngazi pembeni, na nyaya. Mwalimu ameomba kuonana na mzazi.