Sloti ya Pili Haina Adabu

Mazabodi yenye sloti mbili ndefu za kadi ya grafiki ina uchokozi wake. Ukishachomeka kadi moja, picha zikatoka safi na gemu likakimbia, macho yako hayatakaa kwenye sloti iliyojaa. Yatakaa kwenye ile tupu. Nimeona watu wazima, wenye deni la kiwanja na ada za shule, wakiulizia bei ya kadi ya pili kwa sababu tu ya tundu la plastiki lisilo na mtu.

Mpwa wangu alikuwa bado hajafika huko, lakini alikuwa njiani. Alinipigia simu akiwa Kariakoo, spika ya duka la jirani ikitangaza punguzo la sufuria.

"Shikamoo Mjomba. Kuna mazabodi ya gemu hapa, inabeba kadi mbili. Muuzaji anasema ni sawa na gari lenye injini mbili. Nichukue?"

Nikamwambia asitoe hata shilingi kabla sijafika. Katika ukoo wetu, aliyewahi kuunganisha printa ikachapa ndiye mhandisi, na kazi hiyo haina mshahara wala likizo.

Ile mazabodi ilikuwa mtumba kutoka Ulaya: haina boksi, haina kitabu, skrubu zake sijui zilishukia bandari gani. Juu yake maandishi Z97, yaani kizazi cha 2014. Nikaigeuza nyuma. Muuzaji akashangaa. "Mzee, unatafuta nini huko? Picha zinatokea mbele."

Nilikuwa natafuta nukta za lehemu. Sloti mbili zinaweza kulingana urefu kwa nje na zisilingane kabisa kwa ndani. Chini ya sloti ya kwanza nukta zilitembea mwanzo hadi mwisho. Chini ya ya pili zilipita katikati kidogo, zikakoma. Hiyo ni dalili njema. Prosesa za kawaida za Intel za wakati ule zilitoa njia 16 tu za data kwa ajili ya grafiki, na ukiweka kadi mbili kila moja inapewa 8. Kama nukta zingekoma mapema zaidi, sloti ingekuwa na njia 4 tu, na Nvidia haikukubali kadi zake zifanye kazi pamoja kwenye njia 4. Mazabodi za namna hiyo zimejaa madukani, sloti mbili ndefu za kuvutia, na aliyezinunua kwa ajili ya Nvidia amenunua pambo.

Hii ilikuwa ya kweli. Tukapatana bei, na muuzaji akaniambia kwamba kwa heshima yangu amenikatia hadi anakula hasara. Siku wauzaji wa Kariakoo watakapopata faida sijui watatwambia nini.

Shida ilianzia kwenye daraja. Mpwa alikuwa na kadi ya Nvidia, GTX 970, na mbili za aina hiyo haziongei vizuri bila kipande kidogo kinachoziunganisha kwa juu, urefu wa kidole. Hukaa ndani ya boksi la mazabodi, na boksi ndilo hilo lililobaki Ulaya. Tukazunguka duka kwa duka. Wa kwanza alitupa waya wa HDMI. Wa pili alitupa utepe mpana wa diski za zamani, akaapa ni kitu kilekile. Wa tatu aliuliza kama tunajenga barabara. Tulikipata kwa fundi mmoja wa ghorofani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kati ya betri za saa na funguo zisizo na kufuli.

Kadi ya pili tuliiazima kwa rafiki yake mpwa. Tukafunga kila kitu sebuleni kwa dada yangu, tukawasha, gemu likaanza kufunguka, na papo hapo kioo kikawa cheusi. Dada akatoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye mita, akijua yuniti za LUKU zimekwisha. Yuniti zilikuwepo. Kilichozimia ni pawa saplai, iliyoandikwa wati 500 na nyepesi mkononi ajabu. Kila kadi hutaka wati 145, prosesa 88. Hapo tayari ni karibu 380 kabla hujahesabu diski na feni. Katika pawa saplai za bei ya chini, namba ya ubavuni huandikwa kwa matumaini.

Tukaazima nyingine, nzito. Sasa tukaona mambo. Kadi ya juu ilikuwa ikivuta hewa ya moto kutoka kwa mwenzake wa chini, joto likapita nyuzi 80, na feni zikapiga kelele hadi taarifa ya habari chumba cha pili ikaongezwa sauti. Gemu la mpira, ambalo ndilo mpwa wangu analicheza kutwa, halikujua kabisa habari za kadi ya pili: moja ilihenyeka, nyingine sifuri kwa mia. Gemu la magari liliitambua. Idadi ya fremu ikapanda kweli, lakini picha ikawa inajikwaa, kwa kuwa kadi hizi hupokezana fremu, hii ya kwanza, ile ya pili, na zisipofika kwa mwendo uliolingana jicho linaona mtikisiko. Mpwa akauliza kama basi kumbukumbu imekuwa gigabaiti 8. Hapana. Kila kadi hubeba nakala yake ya vitu vilevile, kwa hiyo 4 na 4 hapa ni 4.

Dada alisimama mlangoni na mwiko. "Kaka, hilo dubwana linakula umeme kuliko friji?"

Linakula. Sikumficha.

Fahari ya kadi mbili ina historia ndefu, na mimi nilikuwa mmoja wa walioitamani. Kampuni ya 3dfx iliileta kwa jina la SLI na kadi zake za Voodoo2 mwaka 1998, Nvidia ikanunua mali za 3dfx, kisha 2004 ikalifufua jina hilo. ATI ikajibu na CrossFire mwaka 2005. Lakini kila gemu jipya lilihitaji kuandaliwa ndipo lizitumie zote mbili, na watengenezaji wa magemu wakachoka. Kuanzia Januari 2021 Nvidia iliacha kuongeza matayarisho mapya ya SLI kwenye draiva zake, na RTX 4090 ya 2022 ilitoka bila hata sehemu ya kuchomeka daraja.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa mpwa ilikuwa hii: mazabodi ni nzima, abaki nayo, kadi ya rafiki irudi kwao leo leo. Sloti ya pili itafaa siku akitaka kuongeza adapta ya SSD. Na wewe unayepita madukani wiki hii, muuzaji akikutajia kadi mbili, igeuze mazabodi nyuma uhesabu nukta, kisha lipa bei ya mazabodi yenye sloti moja. Akikataa, jirani yake anayo.