Ombi la Kulihamishia Ziwa Gitega

Buyenzi, Bujumbura

Kwa wakuu wa ofisi za ardhi, mipango miji na mazingira, kila mmoja kwa cheo chake

YAH: OMBI LA KULIHAMISHIA ZIWA TANGANYIKA GITEGA

Waheshimiwa,

Tulipoambiwa kwamba makao makuu ya nchi yanahamia Gitega, hatukubisha. Mafaili yakafungashwa, na bendera zikapandishwa kule juu milimani. Kitu kimoja tu kikasahauliwa, nacho ni ziwa. Bado liko hapa Bujumbura, urefu wake zaidi ya kilomita 670, kina chake karibu mita 1,470, na sisi wa Buyenzi wenye ndoano mkononi hatuoni pa kulifikia. Kwa kuwa hatulifikii likiwa hapa, halitatupotea likienda kule. Ninaomba lihamishwe. Gitega angalau hakuna mtu aliyekwisha kulijengea ukuta.

Nisije nikaonekana mzushi, nitaeleza yaliyonifika. Nilishuka ziwani na kijana wangu kwa njia ile ile ambayo marehemu baba alikuwa akiipita na nyavu begani. Njia bado ipo, ila siku hizi inaishia kwenye geti jeusi la chuma. Zamu, yaani mlinzi, akatoka.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Na patroni."

Nikamuuliza kama patroni amelifunga lote, pamoja na upande wa Kongo na wa Zambia, au kipande chetu tu. Mtoto wa watu hakucheka. Alinieleza utaratibu kwa adabu kabisa: anayeingia ni mteja, mteja hukaa kwenye kiti, huagiza, hulipa. Ndoano ibaki getini. Basi tukaingia, tukanunua Fanta mbili, tukakaa tunayatazama maji kama watu wanaotazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Tulipokuwa tunatoka, zamu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwetu Buyenzi ndagala zinapatikana kwa bei ya kueleweka, maana sahani ya samaki mukeke inayouzwa kule ndani mshahara wake hauiwezi. Nikamwelekeza soko la Ruvumera.

Simlaumu zamu. Hata patroni simlaumu sana. Simjui, na nina hakika ana hati. Hapo ndipo mnaponitatiza, Waheshimiwa. Hati yake ina mhuri wa Serikali. Na Kanuni ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 nayo ina mhuri wa Serikali, na inasema kwamba kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ukanda wa mita 150 ni mali ya umma. Mhuri mmoja unasema hapa ni kwa mtu. Mhuri wa pili unasema hapa ni kwa watu wote. Mimi niliyesimama katikati nikiwa na kopo la chambo ndiye ninayeitwa mvamizi. Kama kuna kosa la kuingia ardhi isiyo yako, naona mkosaji ni ukuta, na aliyeusindikiza hadi hapo ni kalamu ya ofisini.

Msinielewe vibaya, sheria yetu naipenda. Jirani zetu wa Tanzania, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, walijiwekea mita 60 tu. Sisi tumewapita kwa mita 90 nzima. Mtu wa Kigoma akinitambia kwa reli yake, mimi humtambia kwa mita zangu. Upande wetu wa ufuko ni takriban kilomita 160, kwa hiyo ukizidisha, umma wa Burundi unamiliki hekta kama 2,400 za ufuko. Hekta 2,400! Nimemwambia mke wangu kwamba sisi ni matajiri. Akaniuliza kama katika hizo kuna upana wa kutosha kuanika kilo mbili za ndagala.

Tembeeni wenyewe, lakini msitembee na msafara, maana msafara hufunguliwa kila geti. Anzeni Kibenga mje Kinindo, mpite Kabondo, mzunguke bandari, kisha mshike barabara ya Uvira hadi Kajaga. Maji mtayaona vizuri, katikati ya nguzo mbili, juu ya meza, nyuma ya mti wa maua. Kuyagusa ndiyo kazi. Nitakuwa mwongo nikisema kila mahali pamefungwa: Saga Plage siku ya Jumapili kuna mpira, mishikaki, watoto wanalia mchanga machoni, na hakuna anayemuuliza mtu ametoka mtaa gani. Hilo nalishukuru. Lakini kuogelea Jumapili mchana na kuvua usiku wa Jumanne ni mambo mawili, na mvuvi hatoki kwenda kazini na taulo.

Labda ofisini hamjui kazi hii inavyokwenda, maana hufanyika mkiwa mmelala. Kipe hutoka jioni, mitumbwi imefungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati yake, taa zinawashwa. Ndagala hufuata mwanga, mukeke humfuata ndagala, wavu unavutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, watu wanapumzika. Giza likirudi wanarudi. Alfajiri mzigo unafika pwani, na kuanzia hapo kinachotawala ni jua. Ndagala haingoji kikao. Inataka mama wenye mabeseni wawe wamesimama mchangani, iteremshwe, ipimwe, igawanywe, ianikwe kabla haijalegea. Kule Mvugo, kusini, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwafundisha wanawake kuanika juu ya vichanja vya waya, samaki wasichafuke kwa mchanga wala wasinyeshewe. Elimu nzuri mno. Ila kichanja kina miguu minne, na miguu minne hutaka ardhi ya kusimamia. Kichanja hakielei.

Kwa hiyo, pwani ikibanwa, kazi haifi siku hiyo hiyo. Inasukumwa tu. Mitumbwi iliyokuwa ikitua sehemu tano inagombania mwalo mmoja. Mama aliyekuwa akishuka kwa miguu sasa anapanda teksi-moto, na nauli hiyo anaipandisha juu ya fungu la ndagala, na fungu hilo linakuja kupungua kwenye sufuria yangu. Wenye ndoano kama mimi tunasukumwa kuelekea midomo ya Rusizi, kwenye matete, ambako hakuna geti. Huko kuna mamba. Mmoja wao, Gustave, amevuma duniani hadi akatengenezewa filamu. Mfaransa Patrice Faye alimtegea mtego mkubwa wa chuma, na Gustave akaudharau. Nawaulizeni kwa unyenyekevu: katika mipango miji ya Bujumbura, mvuvi amepangiwa mahali gani? Kati ya zamu na Gustave?

Wakati mwingine huwaza kwamba kosa letu ni kukosa umaarufu. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walifika Mugere, kusini kidogo ya mji huu. Hawakuwa na hati ya kiwanja. Hawakununua soda. Walilala siku mbili, wakaondoka, na mahali hapo pakawekewa jiwe la ukumbusho ambalo mpaka leo linaonyeshwa watalii. Mimi nikilala siku mbili ufukweni nitaonyeshwa polisi.

Kiboko naye ana heshima zake. Usiku hutoka majini, hupanda hadi kwenye bustani za watu, hula majani yaliyomwagiliwa kwa maji ya kulipia, huacha mbolea mlangoni, kisha hurudi taratibu. Sijasikia zamu aliyewahi kumuuliza karangamuntu. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofundishwa, na kiboko ana tani yake na zaidi. Sisi wengine tuna kilo sitini na mkono mwembamba.

Ila mvamizi mkubwa kuliko wote hamkumwandikia barua hata moja. Kwa miaka kadhaa ziwa lenyewe lilikuwa likipanda, na kufikia 2024 lilikuwa karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Liliruka kuta, likaingia kwenye baa likakaa kwenye viti bila kuagiza, likalala kwenye vyumba vya wageni, likafika hadi ndani ya bandari. Wazee walikumbuka 1964, lilipofanya vivyo hivyo. Wenye kusoma zaidi watawaambia kwamba ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, Kongo, na mvua zikizidi huku njia ile ikiwa nyembamba, maji hayana jingine ila kurudi kutazama yalikokuwa zamani.

Gatumba sitapafanyia mzaha. Kule kwa mafuriko watu walipoteza nyumba, mashamba na shule, wakahama, wakarudi, wakahama tena, na Aprili 2024 Serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia. Nataka kusema hili tu: ukanda ule wa mita 150 haukuandikwa kwa ajili ya wavuvi peke yao. Uliandikwa ili ziwa likitaka kujinyoosha lisimkute mtu kitandani. Aliyejenga ndani yake alimfungia mvuvi njia kwanza, kisha akajifungia mwenyewe. Na aliyempa kibali alikuwa amekaa mahali pakavu.

Hapo nimebaki na swali la kitaalamu, na nyinyi ndio wataalamu. Maji yalipoingia ndani, je, mita 150 nazo zilirudi nyuma pamoja nayo, au zilibaki pale pale zilipokuwa? Kama zilirudi nyuma, basi majumba mengi zaidi yamelala kwenye ardhi ya umma, na wenyewe hawana habari. Kama zilibaki, basi sehemu kubwa ya ukanda wetu iko chini ya ziwa, na mwenye haki ya kuupita ni samaki, kuhe na mukeke. Nimewauliza watu wengi mtaani. Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu limekaa vizuri na upande ambao mwenyewe ana kiwanja.

Kila baada ya muda huwa tunasikia redioni kwamba safari hii waliojenga ndani ya mita 150 watabomolewa. Tunafurahi, tunakaa mkao wa kula. Kisha inakuja mvua, kisha kiangazi, kisha tangazo lingine. Mimi kwa kweli sitaki nyundo. Nyundo ina tabia ya kuanzia kibanda cha mama anayeuza ndagala na kuchoka kabla haijafika kwenye hoteli.

Wenzetu wa Tanzania walifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Nawasifu, ingawa wavuvi wa Kigoma walilalamika, na walikuwa na sababu. Sisi Bujumbura tumegundua dawa yenye nguvu zaidi: kuwafungia wavuvi nchi kavu, mwaka mzima. Nashangaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa hapa mjini, haijatupa cheti kwa kuwahifadhi samaki. Samaki wetu wanakufa kwa uzee.

Sasa, kama ombi la kulihamisha ziwa litaonekana gumu kwa bajeti ya mwaka huu, nina dogo zaidi. Wapeni wapimaji ramani, wapite ufukweni kutoka Kibenga hadi Kajaga, wapigilie mawe ya mpaka yanayoonekana, yasiyong'oleka usiku. Kila baada ya mwendo unaovumilika kwa mama mwenye beseni kichwani, mwache njia moja ishuke hadi majini, yenye upana wa mitumbwi miwili kupishana, isiyo na geti, iliyo wazi saa nane za usiku kama ilivyo wazi saa nane za mchana. Njia hizo ziandikwe kwenye hati za majirani zake, ili anayenunua kiwanja ajue kwamba amenunua na wapita njia. Msibomoe pengine popote kabla hamjafungua hizo. Na anayetaka kuuza Fanta na auze. Tukipata samaki tutanunua.

Tuambieni tu mita 150 zinaanzia wapi. Kamba ya kupimia tutakuja nayo sisi.

Wenu mtiifu,

Mvuvi wa ndoano, Buyenzi

Nakala: Patroni, kwa mkono wa zamu.